Takataka Tu, Bibie

Saa mbili za asubuhi Dona Dejanira alikuwa ameshajikata mara moja. Halikuwa jeraha la kulilia: ncha ya kidole tu, palepale shoka lilipozoea kuonja. Alikinyonya, akatema pembeni, akaendelea na kazi. Alikuwa amekaa chini mchangani, mpini wa shoka ameubana chini ya paja, makali yakitazama juu. Juu ya makali anaitua nazi ya babasu, mnazi wa mwituni wa huku Brazili, haizidi ngumi ya mtoto, mkono wa kulia unanyanyua rungu, pa! Anaigeuza, pa! Viini vinne vyeupe vinaangukia ungoni, vifuu vinakwenda kushoto. Ukikosea kidogo, kidole kinakwenda na kifuu. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka minane, sasa ana hamsini na miwili, na vidole anavyo tisa.

Kwenye viini alipata mafuta na tui. Vilivyozidi alivipeleka dukani, akabadilishana na mchele na maharage. Vifuu alivichoma shimoni vikawa makaa, na makaa hayo ndiyo yaliyopika huo mchele. Ngozi ya nazi ilitwangwa ikawa unga wa uji. Kwa hiyo unapomwona Dona Dejanira amekaa na rungu lake, jua umemwona na binti yake Marinalva, na wajukuu wawili, wote wanakula hapohapo penye shoka. Mume? Alikwenda machimboni kutafuta dhahabu mwaka ambao Marinalva alianza kutembea. Labda bado anaitafuta.

Alikohoa, akangoja kikohozi kipite, akachukua nazi nyingine. Ng'ambo ya lango la mtoni kulikuwa na matanuri ya Kampuni, thelathini na mawili, ya udongo, yamejipanga mistari miwili, na yote yanafuka. Yalipika makaa ya miti. Makaa yalikwenda kuyeyusha chuma mjini, chuma kikapanda treni hadi bandarini, na kutoka bandarini kikapanda meli. Kilikokwenda, hapa Lagoa do Cocal hakuna aliyekuwa na habari. Chuma kiliwapita. Moshi ndio uliobaki nao, ukaingia kwenye nguo, kwenye maji ya mtungi, kwenye vifua.

Lakini lango lilikuwa wazi, na hilo ndilo lililowafanya watu wavumilie. Mzee Anacleto, aliyekuwa mwenye shamba zamani, hakuwa mtu mwema, tusidanganyane. Ng'ombe wake walishiba kuliko vibarua wake. Ila lango la mtoni hakulifunga hata siku moja. Wanawake waliingia, wakaokota nazi, wakatoka, na baraza la mji likaja kuiandika desturi hiyo iwe sheria. Mzee akafa, wanawe wakauza shamba, Kampuni ikanunua. Haja ya Kampuni ilikuwa msitu wa nyuma, minazi haikuwahusu. Miaka miwili ikapita, lango liko wazi. Halafu wiki ile watu wakaona nguzo mpya za zege zimeshushwa kando ya mto, na mizunguko ya waya.

Josimar alifika na pikipiki yake, akaizima mbali ili asimtimulie vumbi. Alikuwa msimamizi wa matanuri sasa, ana kofia ya Kampuni na simu mbili, lakini Dona Dejanira ndiye aliyemshika siku ya ubatizo wake, na mama yake alipokosa maziwa, ndiye aliyemlea kwa tui la babasu.

"Naomba baraka, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Zile nguzo za nini?"

"Mama, hata hujaniuliza nimeamkaje."

"Nakuona umeamka. Zile nguzo za nini?"

Josimar akavua kofia. "Ndizo zilizonileta. Alhamisi kuna wageni, watu wa benki, na bibi mmoja wa vyeti."

"Vyeti vya nini?"

"Vya moshi."

Dona Dejanira akaangua kicheko mpaka kikageuka kikohozi. Josimar akangoja. Kisha akamweleza kama alivyoelezwa yeye: wanaonunua chuma huko ng'ambo hawataki tena chuma chenye moshi mwingi, wanauliza kila tani imetoa hewa ya ukaa kiasi gani, na ikizidi wanatoza kodi. Benki nayo inasema, mkipunguza tutawapa mkopo wa bei nafuu, msipopunguza tafuteni benki nyingine.

"Kwa hiyo watapunguza huu moshi? Kweli?"

"Wameahidi."

"Basi Mungu awabariki hao Wazungu. Na lango?"

"Meneja, Bwana Evandro, anasema hivi: bibi wa vyeti anataka kuona maisha ya watu wa hapa. Mkimpokea vizuri, mkamwonyesha kazi yenu, mkaongea naye vizuri, lango litaandikwa kwenye karatasi za benki. Halitafungwa tena. Msipompendeza..." Akatazama upande wa mto, kwenye nguzo.

"Tumpendeze tu?"

"Mpendezeni, mama. Msilalamike. Kuhusu kifua, nyamazeni siku hiyo moja."

Alhamisi ikafika. Palifagiwa mpaka michanga ikawa na mistari. Luzanira, shoga yake Dona Dejanira tangu utotoni, alimchinja kuku wake wa mayai, wa pekee, wakampika na wali wa tui la babasu. Gari tatu zikaingia. Bwana Evandro alikuwamo, meneja kijana, shati jeupe. Mtu wa benki alikuwa mrefu, shingo imeungua na jua, hajui lugha, anatabasamu kwa kila kitu hadi kwa mbwa. Na Bi Heloísa wa vyeti, kutoka São Paulo, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, ameshika kompyuta bapa kifuani. Huyu alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo kwa sababu baadaye wengi walimtukana, na si haki.

Sasa, hapa Lagoa do Cocal mtu akikusifia kitu chako, hukikubali. Ukikubali umejisifu, na kujisifu mbele ya mgeni ni aibu kubwa, mgeni atadhani unamdai. Akisifia nyumba yako, unasema kibanda hiki kinavuja. Akisifia kuku, unasema alikuwa mgonjwa, tumemuwahi tu asife. Mgeni wa kwetu naye anajua, anacheka, anakula. Ndivyo tulivyolelewa.

Bi Heloísa akaonja mafuta kwa kijiko. "Mafuta matamu haya!"

"Ah, masalio tu hayo, bibie. Mazuri yaliisha."

"Na hivi vifuu mnavifanyia nini?"

"Takataka tu, bibie. Tunavichoma."

Bi Heloísa akaandika. Dona Dejanira alijisikia vizuri. Alipasua nazi sita mbele yao bila hata kutazama shoka, na mtu wa benki akapiga makofi. Bi Heloísa akapiga picha, kisha akageuka kuelekea langoni, akanyoosha mkono.

"Na zile kule ndani? Naona chini ya kila mnazi kumejaa. Mnaziokota zote?"

Ukweli ni kwamba waliziokota zote. Kila mwanamke alikuwa na minazi yake aliyoizoea, na msimu ukiisha huoni hata moja imebaki chini. Lakini Bwana Evandro alikuwa amesimama pale, mwenye shamba, anasikiliza. Mtu anaulizwa mbele ya mwenye mali: je, unachukua zote? Utajibu nini, wewe uliyelelewa na mama yako?

"Tutaziwezea wapi, bibie," akasema Dona Dejanira. "Nyingine zinaoza tu."

"Zinaoza?"

"Zinaoza. Hazina kazi."

"Labda nusu yake?"

"Hata zaidi!" Na wanawake wengine wakadakia kwa kicheko, huyu anasema zinaoza, yule anasema zinaliwa na funza. Luzanira peke yake hakucheka. Alimfinya shoga yake mgongoni, lakini Bi Heloísa alikuwa ameshasogeza simu.

"Ungependa kulirudia hilo, nikurekodi?"

Dona Dejanira akaweka kilemba chake sawa, akarudia. Siku hiyo wageni walikula mpaka wakalamba vidole.

Jioni Luzanira akamwambia, "We Deja, kwa nini umesema zinaoza?"

"Ulitaka niseme tunazikomba zote? Tuonekane mafisi mbele za watu?"

"Mimi roho haikutulia."

"Roho yako inamlilia kuku," akasema Dona Dejanira, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Wiki ya sita baada ya ugeni ule waya ukafungwa. Hapo mtoni pakawekwa lango la chuma, kufuli, na mlinzi kijana asiyejulikana na mtu, ana bunduki. Ndani kulikuwa na trekta inapita chini ya minazi, na vibarua nyuma yake wanazoa nazi nzima kwa koleo, wanazitupa kwenye tela. Wanawake walisimama na vikapu vyao tupu. Waliona tela likigeuka kuelekea kwenye matanuri. Mmoja akasema, "Mama yangu, wanazichoma nzima!"

Kuichoma nazi na viini vyake! Ni mtu gani anayefanya hivyo? Walidhani vibarua wamekosea. Wakamwita mlinzi, wakamweleza taratibu kwamba viini hutolewa kwanza. Mlinzi akawaambia warudi nyuma hatua tatu.

Watano wakapanda lori la maziwa hadi mjini, ofisini kwa Bwana Evandro. Ofisi ilikuwa ya baridi, Dona Dejanira akakumbatia mabega yake. Bwana Evandro akainuka, akazunguka meza, akampa mkono kwa furaha ya kweli.

"Dona Dejanira! Nyota wetu! Nilikuwa nataka kukuletea nakala ya ripoti." Akamwekea mbele kitabu cha karatasi zinazong'aa. Jaladani alikuwa yeye, amenyanyua nazi, anacheka.

"Bwana Evandro, lango limefungwa. Ulisema litaandikwa kwenye karatasi."

"Limeandikwa. Ukurasa wa arobaini na moja. Lango la kupitishia malighafi."

"Lakini zile ni nazi zetu. Ndizo chakula chetu."

Bwana Evandro akakaa. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya mwalimu: nazi za babasu katika eneo hili ni mabaki yasiyo na matumizi, zaidi ya nusu huoza zilipoanguka, na vifuu vyake jamii huvichoma kama taka.

"Nani mwongo aliyesema hayo?" akauliza Luzanira.

Bwana Evandro akabonyeza kompyuta. Ikatoka sauti ya Dona Dejanira, wazi kabisa, hata jogoo wa jirani anasikika nyuma yake. Zinaoza. Hazina kazi. Kisha kicheko cha wanawake wote, chao wenyewe, kikajaa ile ofisi. Alibonyeza tena, kikakoma.

Dona Dejanira alihisi uso unawaka moto. "Bwana, yale yalikuwa maneno ya adabu."

"Ya nini?"

"Ya adabu. Kwa mgeni. Mtu akikusifu huwezi tu... Hata mama yako angesema hivyohivyo."

Bwana Evandro alijaribu kweli kuelewa. "Mama, benki imetoa mkopo kwa maneno hayo. Chuma kimeshauzwa kwa maneno hayo."

"Basi muiteni yule bibi niseme upya. Ni mtu mwema, atanisikiliza."

"Ukaguzi ni baada ya miaka mitano."

"Na miaka mitano tule nini?"

Luzanira akapiga meza kwa kiganja. "Iko sheria ya baraza! Nazi ni za mwenye kuokota!"

"Iko, na tunaiheshimu. Trekta ikishapita, njooni mwokote zilizobaki. Hakuna atakayewazuia."

Wakajua kwamba wamefungwa kila upande. Dona Dejanira alikuwa na neno moja zaidi, akalisema akiwa ameshasimama. "Mlisema moshi utapungua."

"Umepungua!" Bwana Evandro akachangamka, akageuza kioo cha kompyuta wauone mstari wa kijani unaoshuka. "Asilimia arobaini, tangu tulipoanza nazi. Makaa ya miti yanahesabiwa, mama. Makaa ya mabaki hayahesabiwi. Ni sifuri."

"Moshi wa nazi hauhesabiwi?"

"Hauhesabiwi. Kimataifa."

Dona Dejanira alitaka kusema kitu, kikohozi kikamwahi. Alikohoa akiwa ameshika kiti, kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa. Alipomaliza alifuta midomo kwa kilemba. "Na huu ninaoukohoa," akauliza, "uko wapi hapo kwenye mstari?"

Bwana Evandro akamsogezea gilasi ya maji.

Kwenye lori wakati wa kurudi hakuna aliyekaa karibu naye. Luzanira alikaa mbele na dereva. Walipofika akashuka, akasema bila kugeuka, "Wewe na adabu zako!" Na hilo likawa neno lake la mwisho kwa Dona Dejanira kwa miezi miwili. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu mbele ya nyumba yake wakitazama upande wa pili, hata wale waliosema funza.

Josimar alikuja mara moja. Aliomba baraka, akapewa, akakaa ameinama.

"Na miti?" akamuuliza Dona Dejanira. "Msitu umepona, angalau?"

"Mama, wewe usiniulize."

"Nakuuliza."

"Matanuri hayashibi nazi tu. Magogo sasa yanatoka ng'ambo ya mto mkubwa, jimbo la pili. Kuna watu wanayachoma hukohuko, makaa yanakuja yameshaiva, kwa jina la kampuni nyingine. Jimbo lile halimo kwenye kitabu."

"Na kule kuna wanawake?"

"Kila mahali kuna wanawake, mama."

Akatoa karatasi mfukoni. Kampuni inatafuta vibarua wanawake kumi na wawili wa kujaza matanuri, benki imetaka wanawake waajiriwe. Malipo ni kwa kila tanuri linalojazwa. Jina la Dona Dejanira limewekwa la kwanza, kwa heshima.

"Heshima!" akasema. Akamfukuza. Alimtupia hata rungu, likagonga tangi la pikipiki. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alijaribu kuokota nyuma ya trekta, akapata nazi kumi na tatu, saba zimekanyagwa. Jumatano Marinalva alichemsha uji wa unga wa muhogo na chumvi, bila tui, bila mafuta, kwa kuni za uzio waliouvunja wenyewe. Wajukuu wakala, wakaangalia sufuria. Alhamisi hapakuwa na uji. Ijumaa Dona Dejanira alipiga foleni langoni, akapewa glavu na namba.

Luzanira alikuwa mbele yake kwenye foleni. Hakugeuka.

Kazi ilikuwa kubeba nazi kichwani, kuinama kwenye kimlango cha tanuri, kuzimwaga gizani, kutoka. Siku ya kwanza vidole vyake vilikuwa vinazipima vyenyewe: hii ina vitatu, hii ina vinne, hii nzito ina vitano. Alijikemea aache. Jioni mlinzi aliwapapasa mifukoni na vilembani, na kwa mwanamke mmoja akapata viini viwili, akamkata malipo ya siku nzima. Jumatatu Dona Dejanira hakupima tena.

Jumanne walijaza tanuri la kumi na tisa mpaka juu, Josimar akaliwasha, wakaziba mlango kwa matofali na tope. Saa sita mchana moto ukawa umefika kwenye viini. Ndani ya tanuri kukaanza kuchachatika, mafuta yakachemka, na kwenye ufa mmoja juu ya kuba ukatoka moshi mweupe, mzito, ukashuka na upepo hadi kijijini. Haukunuka moshi. Ulinukia tui, ulinukia kitu kinachokaangwa, ukaingia nyumba hadi nyumba saa ileile ambayo watu hula, kama wana kitu.

Mbwa ndio waliotangulia. Walikuja wakajipanga kando ya waya, kumi, kumi na wawili, pua juu. Nyuma yao wakaja watoto, kisha watu wazima wachache ambao walijifanya wana safari ya upande huo.

Luzanira alikuwa amesimama karibu, tope limemfika viwikoni. Alimeza mate, yakasikika.

"Kama wali wa Krismasi," akasema. Hakusema kwa hasira, wala hakusema na mtu.

Dona Dejanira alimgeukia, akafungua mdomo amjibu.

"Mama!" Josimar akaita kutoka chini, mikono ameifanya kipaza sauti. "Ziba pale juu! Mafuta yanapotea!"

Akapanda ngazi. Kuba lilikuwa la moto hata kwenye glavu. Kutoka pale juu aliwaona wote walioko kwenye waya, na wote walikuwa wamefumba macho, wanavuta. Alichota tope viganja viwili, akalibandika kwenye ufa, akalisawazisha vizuri kwa kidole gumba mpaka pakawa hapatoki kitu.